Mizani Nane za Nati

Ndugu msomaji, wahenga walitwambia kuwa vyaelea vimeundwa. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, nimeifundisha darasani katika kibarua changu cha ualimu, na nimeitungia insha zaidi ya moja. Hata hivyo, maana yake haikunikaa moyoni hadi Jumapili moja ya mwezi wa Agosti mwaka wa 2023, nilipojikuta nimesimama katikati ya shamba la minazi huko Mtwapa, kando ya gari lililoinama upande mmoja, gurudumu lake la mbele la kushoto likicheza mfano wa jino la mtoto wa miaka saba.

Makala haya yanahusu chuma kidogo ambacho mafundi wetu hukiita stadi: kile kijiti chenye hesi kinachochomoza kwenye habu ya gari, kikapita katika tundu la rimu, kisha kikafungwa kwa nati ili gurudumu lisitoke. Huenda ukastaajabu kuwa mwanafunzi wa uzamili wa fasihi ya Kiswahili anakuletea habari za gereji badala ya uhakiki wa riwaya au arudhi ya mashairi. Nakuomba uniwie radhi na uvumilie. Mwishowe utabaini kuwa sikwenda mbali sana na arudhi.

Tuanze na gari lenyewe. Mwaka wa 1957, Mwingereza Colin Chapman, mwasisi wa kampuni ya Lotus, alitoa gari dogo la viti viwili lililoitwa Lotus Seven. Mnunuzi aliweza kulinunua likiwa vipandevipande akaliunganisha mwenyewe nyumbani, na kwa kufanya hivyo akaepuka kodi ya ununuzi iliyotozwa magari mazima nchini Uingereza siku hizo. Desturi hiyo ya mtu kujiundia gari haikufa. Mwaka wa 1996, Ron Champion alichapisha kitabu kilichowaonyesha watu wa kawaida namna ya kuunda gari la sampuli hiyo kwa mabomba ya chuma ya mraba pamoja na vipuri vya Ford Escort kuukuu. Nakala moja ya kitabu hicho, iliyochakaa na kupoteza jalada, ilimfikia kaka yangu mkubwa mwaka wa 2016. Tangu siku hiyo hakulala usingizi wa kutosha.

Nchi yetu nayo imewahi kuota ndoto ya namna hiyo. Mwaka wa 1986, Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka wa 1990 magari ya majaribio ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani. Hayakuwahi kuundwa kwa wingi wala kuuzwa. Baba yangu, ambaye wakati huo alikuwa fundi kijana, huyazungumzia hadi leo kama mtu azungumziaye mchumba aliyeolewa na mwingine. Kwa hiyo kaka alipomwendea na kumwambia kuwa anataka kuunda gari, Baba hakumcheka. Alimshika mkono akampeleka nyuma ya gereji, akamwonyesha Toyota Corolla DX ya miaka ya themanini ambayo bodi yake ilikuwa imeliwa na kutu. Injini, ekseli ya nyuma na habu zote nne za gari letu zilitoka humo.

Kaka alichomelea fremu, akafunga injini, na mwaka wa 2019, kabla ya kulimaliza, akapata kazi Qatar. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini marejeo hayo yalichukua miaka minne. Aliacha gari chini ya turubai na binti ambaye bado alikuwa akitambaa. Baba alilikamilisha gari polepole, jioni baada ya kazi za wateja, kwa masharti mawili: kwamba halitatoka nje ya shamba la minazi la jirani yetu, na kwamba hakuna atakayelipanda kabla ya yeye mwenyewe kulikagua. Katikati ya mwaka wa 2023, kaka alituarifu kuwa angekuja likizo mwezi wa Desemba, na kwamba jambo la kwanza atakalolifanya ni kumketisha binti yake katika kile kiti cha pili na kumzungusha shambani.

Hapo ndipo nami nikapata wazo. Nilikuwa nimeweka akiba kidogo kutokana na kibarua changu, nikaona nimwandalie kaka zawadi. Nilinunua rimu nne za aloi ya alumini, zilizotumika Japani, zenye spoku nyembamba na mng'aro wa kupendeza. Muuzaji alinihakikishia kuwa zingeingia, na hakusema uongo. Zilikuwa na matundu manne yaliyopangwa katika duara la kipenyo cha milimita 114.3, sawasawa na stadi za Corolla ile. Nilipozishikiza kwenye habu, ziliingia kama mkono katika mfuko. Nilichokisahau ni unene. Rimu ya chuma, mahali nati inapokalia, ni bamba jembamba la milimita chache tu. Rimu ya aloi, kwa kuwa alumini si ngumu kama chuma, hutengenezwa ikiwa nene zaidi mahali hapo. Stadi za Corolla ile zilikuwa zimetengenezewa rimu za chuma.

Jumapili hiyo, Baba alikuwa amekwenda harusini Malindi. Mimi na binamu yangu tuliinua gari kwa jeki, tukatoa rimu za chuma na kupachika zile za aloi. Pamoja na nati mpya, zilizozibwa upande mmoja na kung'arishwa kama fedha, kulikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza. Binamu yangu aliniomba nimsomee, maana mimi ndiye msomi. Nilimsomea. Palikuwa na sentensi iliyotahadharisha kuhusu kina ambacho nati inapaswa kuingia kwenye hesi za stadi. Niliipitisha macho mbiombio, nikamfasiria hivi: "Hakikisha nati zimekazika sawasawa."

Msomaji, ninakuomba uikumbuke tafsiri hiyo.

Tulizikaza hadi mishipa ya shingo ikatutoka. Binamu alisimama juu ya mpini wa spana akaukanyaga kwa uzito wake wote. Kisha niliketi kwenye usukani. Mzunguko wa kwanza wa shamba ulikwenda salama, na wa pili vilevile. Katika mzunguko wa tatu, usukani ulianza kutetemeka mikononi mwangu, nikasikia mgongano wa chuma kwa chuma upande wa kushoto. Nilifunga breki. Tulipolikagua gurudumu hilo, tulikuta nati mbili kati ya nne zikizunguka bure, hesi zake zimevulika na kuacha unga wa chuma unaometameta kwenye rimu. Ya tatu ilikuwa imelegea. Gurudumu zima lilikuwa limeshikwa na nati moja.

Nilikiangalia kile kiti cha pili kilichokuwa kitupu. Sikusema neno. Binamu yangu naye hakusema.

Baba alirejea jioni. Sikuthubutu kumficha. Aliinama, akapitisha kidole juu ya hesi zilizovulika, akaniuliza swali moja.

"Ulizungusha mara ngapi?"

"Sikuhesabu, Baba. Lakini nilikaza sana."

"Mwanangu, kukaza si kushika."

Kisha akaenda kuoga na kula. Somo lenyewe lilikuja siku iliyofuata.

Baba alinieleza kuwa watu wengi hudhani stadi hubeba gari jinsi ndoano inavyobeba nyama buchani. Sivyo. Nati inapokazwa, stadi hunyooshwa kidogo sana, mithili ya springi iliyovutwa, na kwa kutaka kurudi katika urefu wake huibana rimu kwenye uso wa habu. Msuguano baina ya nyuso hizo mbili ndio unaozuia gurudumu kuteleza. "Stadi haibebi gari," alisema. "Stadi inabana, na kule kubana ndiko kunakobeba gari." Ili ibane hivyo, ni lazima hesi za nati na za stadi zishikane kwa kina cha kutosha. Zikishikana chache, nguvu yote huziangukia hizo chache, na mkono unaokaza kwa bidii huwa unazivua. Kwa maneno mengine, nilivyozidi kukaza ndivyo nilivyozidi kuharibu, huku mkono wangu ukinidanganya kuwa mambo yametengemaa.

Kanuni wanayoifuata mafundi ni kuwa nati iingie kwenye hesi za stadi kwa kina kisichopungua kipenyo cha stadi yenyewe. Stadi za Toyota ile zina kipenyo cha milimita 12, na kila mzunguko mmoja wa nati huisogeza mbele milimita moja na nusu. Baba hakunipa jibu. Alinyamaza akaningojea nipige hesabu. Kumi na mbili kugawanya kwa moja na nusu.

"Nane," nilisema.

"Nane. Chini ya nane, nati hiyo ni pambo."

Ndugu msomaji, wewe uliyesoma arudhi bila shaka umekwisha kuona kilichonishtua. Tangu kidato cha kwanza nimefundishwa, nami nimefundisha, kuwa shairi la kimapokeo lina mizani nane katika kila kipande, ukwapi nane na utao nane. Shairi lililopungukiwa mizani tunaliita guni, tunalitia alama nyekundu na kulirudisha kwa mwenyewe. Nimewahi kumnyima mwanafunzi alama kwa mizani moja iliyopungua. Lakini nilipopewa kazi ambayo uhai wa mtoto ulitegemea hesabu hiyohiyo, sikuhesabu. Baba, ambaye hajawahi kuketi katika darasa la ushairi, ndiye aliyelitambua guni langu.

Tulipima. Stadi za zamani zilichomoza milimita 26 kutoka kwenye uso unaokaliwa na rimu. Rimu ya aloi ilikuwa na unene wa milimita 19 hadi mahali nati inapoanza kushika. Zilibaki milimita 7, yaani mizunguko isiyofika mitano. Kwa hiyo tulihitaji stadi zinazochomoza milimita 31 kwa uchache. Tukashika njia kwenda katika maduka ya vipuri ya Mombasa.

Kwa ujinga wangu nilidhani tungeomba stadi ndefu, tulipe, tuondoke. Muuzaji alituwekea aina tatu mezani, akasema zote ni mamoja. Baba alitoa kalipa mfukoni, akaanza kupima shingo zake. Stadi hupachikwa kutoka nyuma ya habu, na shingoni mwake ina meno madogomadogo yanayojichimbia kwenye tundu ili isizunguke nati inapokazwa. Shingo ikiwa nyembamba kuliko tundu, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, stadi itazunguka pamoja na nati na hutaweza kuikaza wala kuifungua. Ikiwa nene mno, haitaingia bila kuhatarisha habu. Stadi za aina ya kwanza zilikuwa na urefu mzuri ila shingo zake zilikuwa nyembamba. Baba alizirudisha bila maelezo.

Aina ya pili zilikuwa ndefu ajabu, za magari ya mashindano. Mimi nilizipenda. Niliona kwamba kama ufupi ndio uliotuponza, basi urefu ndio dawa. Baba aliniomba mojawapo ya zile nati zangu zinazong'aa. Alichukua njiti ya kiberiti, akaitumbukiza ndani ya nati hadi ikagota, akaikata usawa wa mdomo wake na kuipima. Milimita 15. Akaniambia: "Stadi ikiwa ndefu kuliko shimo la nati iliyozibwa, ncha yake itagota ndani kabla ya nati kuigusa rimu. Utasikia imekaza kabisa. Na rimu itakuwa inacheza."

Kwa hiyo urefu nao una hila yake, tena ni hila ileile, kwani mkono unaambiwa kazi imekwisha ilhali haijaanza.

Tulichukua aina ya tatu, zilizozidi zile za zamani kwa milimita 10, shingo zake zikilingana na za zamani. Zilikuwa na alama ya 10.9. Tarakimu ya kwanza huashiria kuwa chuma hicho huhimili mvutano wa takriban megapaskali 1,000 kabla ya kukatika. Ya pili huashiria kuwa kinaweza kuvutwa hadi asilimia 90 ya kiwango hicho kabla ya kuanza kurefuka kusikorudi nyuma. Stadi hizo zingechomoza milimita 36, na baada ya kutoa 19 za rimu, 17 zingeingia kwenye nati. Bila shaka umeng'amua: 17 hazitoshi katika shimo la 15. Hata hizo zingegota ndani ya nati zangu nzuri. Tulinunua nati zilizo wazi pande zote mbili, zisizo na mng'aro wowote, zenye uso wa mteremko unaolingana na matundu ya rimu zetu. Zile za fedha ziko kwenye kopo gerejini mpaka leo.

Kazi ya kupachika ilichukua siku mbili. Stadi za zamani zilitolewa, na kila mpya ikavutwa mahali pake kwa wosha zilizopakwa grisi na nati kuukuu iliyokazwa polepole, wala si kwa nyundo, kwani Baba alichelea kuumiza beringi. Uso wa habu ulisuguliwa kutu ili rimu ikae sawa. Nati zilianzwa kwa vidole, zikakazwa kwa kukingamana, moja ya juu kisha ya chini, na zikamaliziwa kwa spana ya kipimo tuliyoiazima, katika kiwango kinachokaribia nyutoni-mita 100. Baba aliniamuru nihesabu kila nati kwa sauti inapoingia. Nati kumi na sita, kila moja mizunguko kumi na moja na kidogo. Nilihesabu kama mtoto wa chuoni anayerudia alifu na bee. Baada ya mwendo wa kwanza zilikaguliwa tena, maana chuma kipya hujipanga na kulegeza kidogo kile kilichokwisha kukazwa.

Usiku huo niliirudia ile karatasi ya maelezo, na hapo ndipo lilipo kusudi la makala haya. Nilikuwa nimesoma somo la tafsiri kwa muhula mzima. Ningeweza kukueleza nadharia za ulinganifu na kukutajia waasisi wake. Na bado, mbele ya sentensi moja fupi, nilifasiri kushika kuwa kukaza kwa sababu neno lililo jepesi ndilo lililonijia mwanzo. Kiswahili hakikunipungukia hata kidogo. Baba alikuwa na maneno yote mawili na alijua mpaka ulio baina yake. Aliyepungukiwa ni mimi. Nililijua neno kwa juu juu, mizunguko minne au mitano, nikalikaza kwa nguvu za shahada yangu.

Chukua hata hili neno stadi. Katika kamusi iliyo mezani pangu, stadi ni mtu mwenye ujuzi, ndugu yake ustadhi. Mafundi wamelikuta neno la Kiingereza lenye sauti inayokaribia hiyo, wakalivisha vazi lilelile, nalo limekaa bila taabu. Gerejini kwa Baba, mtu husema, "Stadi mbovu huua," na asiyejua hawezi kubaini kama anatukanwa fundi au chuma. Hesi, habu, wosha, kalipa: msamiati huu unaishi na kulinda roho za watu kila siku, lakini katika miaka yangu yote ya masomo sikuwahi kutumwa kuusikiliza. Tunakwenda nyanjani kukusanya nyimbo za jando na harusi, na ni vyema twende. Ninachowaomba wenzangu wa chama hiki, na walimu wetu mnaotuongoza, ni kuwa tupite pia gerejini, tukiwa na kalamu na daftari, kabla ya kuketi kuwatungia mafundi istilahi ambazo wao tayari wanazo.

Kaka aliwasili wiki ya pili ya Desemba. Nilimweleza yote kabla hajaligusa gari, pamoja na ile Jumapili. Alinisikiliza hadi mwisho, akazisifu rimu, kisha akachukua spana akapiga magoti kando ya gurudumu la mbele la kushoto. Alifungua nati moja, akairudishia kwa vidole huku akihesabu, halafu ya pili. Binti yake alikuja akachutama ubavuni mwake, akaanza kuhesabu pamoja naye, sauti yake ikimfuata baba yake nyuma kidogo. Walipofika nane alipiga makofi, kwani hapo ndipo hesabu yake ilipokuwa ikikomea. Kaka aliendelea peke yake. Tisa. Kumi. Kumi na moja.